Kali ya Tangi la Tatu

Shiko alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. "Neki, Baba ameenda." Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu nikimtazama jirani akipeperusha moshi kwa leso, kwa sababu maharagwe yangu yalikuwa yameungua tena na yeye ndiye aliyekuja kunigongea. Tangu ile homa iliyoifunga dunia nzima, pua yangu haijarudi. Daktari alisema itarudi polepole, nikamwamini, na miaka imepita. Siku hizi chai ni maji moto yenye sukari, na sabuni ni utelezi mkononi. Sikumwambia mtu. Jirani alijijulia mwenyewe kwa maharagwe. Nilimwambia Shiko pole, naye akasema, "Njoo nyumbani Waithaka mazishi yakiisha. Kuna chupa moja." Hatukuwa tumesemezana kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikumuuliza ni chupa gani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimewahi kukaa katika kazi moja zaidi ya miezi minne. Shule niliiacha darasa la saba. Hakuna kisa cha kuhuzunisha hapo; nilitaka tu kujua kilichokuwa upande wa pili wa ukuta, na nikishakijua nilitafuta ukuta mwingine. Nilikuwa nimeuza viatu vya mitumba, nimefua nguo za watu Lavington, nimekoroga rangi katika duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu nilitaka kuona nyeupe inavyogeuka kijani. Nilipanga chumba Kangemi, nyuma ya soko, chenye kuta za mabati. Upande wa kushoto waliishi mume na mke ambao mazungumzo yao ya jioni yalikuwa yaleyale. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Si nimesema nimekula?" Nilikuwa nikila ugali na sukuma wiki nimeketi kitandani, mgongo ukiegemea bati lao, na baada ya miezi kadhaa nilijikuta, mke akiuliza "Umekula?" mimi nami nikijibu moyoni, nimekula. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza.

Kazi ya Waithaka niliipata kwa kuuliza kilichokuwa ndani ya lori. Nilikuwa nikipita tu. Lori lilikuwa limekwama kwenye lango la nyumba ya mawe, na mzee aliyevaa koti la maabara juu ya sweta alikuwa akimwelekeza dereva kwa mikono miwili. Nikamuuliza amebeba nini. "Zabibu, kutoka Naivasha," akasema. "Unajua kuosha chupa?" Nilisema najua, ingawa chupa nilizowahi kuosha zilikuwa za soda. Alikuwa amefundisha kemia shule za sekondari hadi akastaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata binti yake Shiko alipokuwa mbele ya wageni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda lenye matangi matatu ya chuma yaliyokuwa zamani ya kupoza maziwa. Aliyanunua kiwanda fulani kilipofungwa, akayasugua wiki nzima, akaanza kutengeneza divai. Yeye alitengeneza, Shiko aliuza. Shiko alikuwa rika langu, mwenye sauti ya kujaza chumba, na alizunguka mjini na chupa mbili za kuonjesha ndani ya mkoba, akiingia hoteli na maduka kama mtu aliyealikwa. "Babangu ana pua," aliwaambia wateja. "Divai ikikosea hata kidogo, haitoki kwa lango." Watu walinunua kwa sababu ya pua hiyo.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba haipo. Ilikuwa wakati wa mvua za Aprili, Mwalimu ameketi jikoni akisoma gazeti, sufuria ya maziwa kwenye jiko hatua moja tu kutoka alipo. Nilikuwa uani na chupa zangu, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikanifuata hadi huko. Nikakimbia nikipiga kelele, "Mwalimu, maziwa!" Alishusha gazeti, akautazama ule moshi kama mgeni ambaye amesahau jina lake. Ndipo vitu vikapangana kichwani mwangu: pilipili alizotafuna kila mlo kama karanga, vitunguu vibichi, na jinsi alivyokuwa akionja divai, akaitema, kisha akanigeukia akauliza, "Wewe unaonaje?" Nilidhani ananifundisha.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu homa ya Krismasi."

"Shiko anajua?"

Alisugua jiko kwa kitambaa muda mrefu, hata palipokuwa safi. "Shiko anauza pua yangu," akasema. "Akijua, itabidi awaambie wateja au awadanganye. Sitaki afanye lolote kati ya hayo mawili." Kisha akanimiminia chai, yeye mwenyewe, akanikatia parachichi, na kuanzia siku hiyo nilikula chakula cha mchana mezani pake.

Tulipanga ishara. Watu wakiwepo, nilinusa kwanza nilipokuwa nikimkabidhi kikombe, kisha nikaweka kitambaa changu begani. Bega la kulia, iko sawa. La kushoto, ina kasoro. Tukiwa peke yetu hatukuhitaji kitambaa. Tulionja asubuhi kabla ya kula chochote, kwa kikombe cheupe cha bati ili rangi ionekane, na ndoo ya kutemea katikati yetu. Ulimi wake ulikuwa mzima. Aliutambua uchachu, na ule ukakasi unaokamata ufizi kama ndizi mbichi, na aliweza kusema kwa ulimi peke yake kama zabibu zilichumwa mapema. Mimi nilisema kilichopanda puani. Aliandika vyote viwili pembeni ya gazeti. Sisi wawili tulikuwa mwonjaji mmoja, na nadhani hakuna wakati mwingine maishani mwangu ambapo nimekuwa nusu ya kitu.

Majina ya harufu niliyapata mjini. Jumamosi nilitembea kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji, bila shughuli yoyote, ili niwe mahali penye watu. Katika uchochoro mmoja si mbali na msikiti mkubwa kulikuwa na duka jembamba la manukato, na mwenyewe, Mzee Shee, mtu wa Lamu, hakunifukuza siku ya kwanza niliposimama mlangoni nikinusa tu. Siku ya pili aliniwekea kiti. Nilimwambia chupa moja "inanuka poa", akashika kichwa. "Inanukia, mwanangu! Inanukia! Ukisema inanuka, nitafunga duka." Alinifundisha shombo ya samaki na uvundo wa nguo mbichi, harufu ya ukoko na ya kutu, na hakukubali nieleze kitu bila kutaja kingine. Siku moja aliniwekea tone la mafuta fulani mkononi, machozi yakanitoka, nikasema ni kali.

"Kali si harufu," akasema. "Kali ni kofi. Nakuuliza aliyekupiga, wewe waniambia umepigwa."

Sikumwambia kazi yangu, kwa kuwa nilimheshimu. Lakini siku moja aliinamia mkono wa sweta yangu alipokuwa akinipa kahawa, akainuka, akasema bila kunitazama, "Huko ufanyako kazi, zabibu zimelala muda mrefu." Akanisogezea tende. Hakulitaja tena.

Divai ya mwaka ule ilikuwa tayari mwisho wa Oktoba. Tangi la kwanza na la pili tuliyaamini tangu mwanzo. La tatu lilijazwa mwisho, na mpira wa kifuniko chake ulikuwa umechakaa, kwa hiyo Mwalimu alitaka tulionje asubuhi ileile ya kujaza chupa. Shiko alikuwa amekodi mashine kutoka kwa mtengenezaji mmoja wa maji ya matunda, siku moja tu, na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na hafla hotelini mjini, ambapo wanunuzi wakubwa wangeonja. Usiku wa kuamkia siku ya mashine, shemeji yake Mwalimu akafariki Murang'a. Mwalimu aliondoka alfajiri. Alinishika bega kwenye lango. "Onja zote tatu. Mtumie Shiko ujumbe, useme ni mimi nimeacha neno. Andika fupi, Shiko hasomi marefu. Ya tatu ikiwa mbaya, isiguswe."

Nilionja peke yangu, na banda lilikuwa kubwa kuliko siku zote. La kwanza sawa. La pili sawa, lina harufu ya majani ya chai na plamu. Nilipofungua bomba la tatu, nilirudisha kichwa nyuma. Ilikuwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, na nyuma yake gundi ya fundi viatu. Zile saluni za Kangemi zote zilikuwa ndani ya kikombe kimoja. Shiko alikuwa ametangulia kwenda kuilinda mashine njiani, nami nilitakiwa nikachukue lebo kwa mpiga chapa, River Road, kabla ya saa nne. Niliandika ujumbe nikiwa natembea kuelekea stejini, kidole kimoja, simu ikiwa na alama moja ya chaji. *Mwalimu anasema 1 sawa, 2 sawa, 3 kali.* Jibu lilikuja papo hapo. *Haki?? Wacha!!* Nilisoma humo mshtuko wa mtu aliyepoteza theluthi ya divai yake. Nikamhurumia, simu ikazimika.

Shiko alizaliwa Nairobi. Kwake kiatu kizuri kilikuwa kali, wimbo uliompendeza ulikuwa kali, mvulana aliyevaa vizuri kwenye kona alikuwa kali kama nini. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kila siku, hata juu ya chapati. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa na wazee wawili waliolitumia neno hilo kwa pilipili na kwa mbwa, na nilipoliandika niliwasikia wao.

Mpiga chapa alinikalisha hadi alasiri. Niliporudi Waithaka na maboksi ya lebo, mashine ilikuwa ikipakiwa kwenye gari, na kando ya ukuta kulikuwa na kreti zimepangwa mbali na nyingine, kila kreti na kila chupa imeandikwa 3 kwa chaki. Kabla sijafungua mdomo, Shiko alinirukia. Alinikumbatia na maboksi yangu yote, akanizungusha uani, nywele zake zikinukia divai na moshi. "Neki! Sawa, sawa, halafu kali! Babangu hajawahi kuita divai yake kali! Hizi ndizo zinaenda hoteli. Umeziosha wewe hizi chupa, unajua? Hii ni yetu sisi wote."

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote niliyoishi. Ilikuwa rahisi kusema. Shiko, umenielewa vibaya. Lakini angeuliza nimejuaje mimi, na lazima ningemtaja Mwalimu na pua yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ile nyingine ni kwamba mwaka ule wote hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia, na mikono yake ilikuwa bado mgongoni mwangu. Nikasema, "Ni poa." Kutoka siku hiyo hadi Jumamosi nilikuwa na siku tatu na simu yenye chaji. Ningeweza kumpigia Mwalimu huko Murang'a. Nilijiambia mtu hapigiwi simu ya divai matangani. Jioni nilisikiliza ukutani, umekula, nimekula, na sikuwa nimekula.

Hafla ilikuwa saa tano asubuhi, chumba cha ghorofa ya kwanza chenye zulia jekundu na madirisha yanayotazama barabara. Wanunuzi walikuwa kama kumi. Shiko alinivalisha aproni nyeusi, akanipa sinia la kushika kwa mikono miwili. Mwalimu aliingia moja kwa moja kutoka Murang'a, viatu vina vumbi jekundu, akanitikisia kichwa kana kwamba tuko bandani. Ya kwanza ilisifiwa. Ya pili ikasifiwa. Shiko akafungua ya tatu kwa madaha, akamimina, na nikaiona ile harufu ikipita katika chumba, uso baada ya uso. Mnunuzi wa hoteli, mwanamume mpole mwenye miwani, aliweka glasi yake chini bila kuonja. "Mwalimu," akasema, "hebu tusaidie. Onja hii utuambie."

Mwalimu aliinua glasi, akaisogeza puani kama alivyofanya maisha yake yote, kisha akanitafuta. Akatazama bega langu la kulia, akatazama la kushoto. Sikuwa na kitambaa. Lakini nilikuwa na uso, na uso ungetosha. Ningekunja pua tu angejua. Nilijua pia kwamba akijua atauliza imekuwaje, na Shiko atasema Neki aliandika, na wote watanigeukia. Nikatazama zulia. Nilisikia akionja, akimeza. Kisha akasema, "Ni kali."

Kijana mmoja mwenye duka Westlands alicheka kwa furaha. "Kali kabisa, Mzee!" Shiko akaanza kutabasamu. Yule mwenye miwani hakutabasamu. "Kali namna gani, Mwalimu?" akauliza, kwa upole, kama anayemsaidia mwanafunzi. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa bado ananitazama mimi. "Kali tu," akasema, akatoa kitambaa mfukoni akapangusa mdomo. Na Shiko alikuwa ametuona. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama tena baba yake, na tabasamu likamtoka.

Jumatatu tulizimwaga chupa za kreti za tatu kwenye mtaro nyuma ya banda, Mwalimu na mimi, hadi uani kukawa kama saluni. Alisimama na chupa mbili zimeinama mikononi.

"Inanuka?"

"Sana, Mwalimu."

"Kama nini?"

Nikamwambia. Dawa ya kutolea rangi ya kucha, gundi ya fundi viatu, na kwa mbali ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa, kama alivyosikiliza asubuhi zote zile. "Hayo ndiyo ungeandika," akasema. Hakupandisha sauti. Shiko alikuwa mlangoni pa jikoni. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua tangu lini kuhusu Baba?" Nikasema tangu mvua za Aprili. "Na mimi ni binti yake," akasema, akaingia ndani. Hakuna aliyenifukuza. Mchana meza iliandaliwa na sahani yangu ilikuwepo, ila hakuna aliyenikatia parachichi, nami nilikula haraka nikaondoka, na kesho yake sikurudi. Kabla ya Krismasi nilikuwa Eldoret nikiuza tikiti za basi. Nilisikia Mwalimu aliyauza matangi. Baadaye nilisikia Mzee Shee amefunga duka amerudi pwani, na sikuwa nimemuaga.

Juzi nilikwenda Waithaka. Nyumba za ghorofa zimeizunguka ile ya mawe, na banda sasa ni stoo. Shiko amekuwa mnene na ana mvi, na sauti yake imeshuka. Jikoni ni palepale, jiko lilelile likiwa pambo tu siku hizi, limewekewa chungu cha maua. Aliweka mezani chupa isiyo na lebo, yenye 3 ya chaki iliyofifia, na kikombe cheupe cha bati kilichobanduka ukingoni.

"Hii niliificha kabla hamjamwaga," akasema. "Nilikuwa na hasira, nilitaka ushahidi. Baba aliipata mwaka uliofuata. Akasema tuiache, kuna siku utarudi, uionje uniambie mimi bintiye. Si karatasi, si simu. Mdomo."

Akamimina. Rangi ilikuwa imegeuka, kama chai ya rangi iliyolala usiku. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikakisogeza puani, na hakukuwa na kitu, hata hewa haikuwa na uzito. Nikaonja. Uchachu mwingi, ukakasi kidogo ufizini, chuma. Ulimi wangu ungali mzima. Ningeweza kuyakumbuka yale mengine na kuyataja moja baada ya jingine, nayajua kama jina langu, naye asingejua kamwe.

"Ni kali," nikasema.

"Kali gani, Neki?"

Nilijikuta nautafuta uso wake, pua yake, mabega yake, kitu chochote cha kuniongoza. Ndipo nikajua alivyokuwa amesimama yule mzee kwenye zulia jekundu. Shiko hakutazama chini. Nikamsukumia kikombe upande wake wa meza.

"Sijui, Shiko. Pua yangu ilienda na ile homa. Sisikii kitu. Niambie wewe."

 Shiko akavua miwani, akainamia kikombe kama mtu anayechungulia kisima, akafumba macho, na hakuharakisha.

"Saluni," akasema mwishowe. "Ile ya karibu na steji, Mama alikuwa akinipeleka nikiwa mdogo. Yule mama wa kucha ameketi mlangoni."

"Endelea," nikamwambia.